Mpangaji wa Jongoo

Jongoo wa baharini hupumua kwa nyuma. Nasema mapema, ili asiyependa habari za nyuma aachie hapa. Upande mmoja ana mdomo wa kulia mchanga. Upande wa pili ana mlango ambao sisi wengine tumepewa kwa kazi moja tu, yeye akapewa kwa kazi mbili: kutoa alichokula na kuvuta maji ya kupumulia. Mlango unafunguka, maji yanaingia. Unajifumba, unafunguka tena, maji yanatoka. Ukimtazama kwa muda mrefu, kama nilivyomtazama mimi kwa kukosa mtu mwingine wa kumtazama, utadhani anataka kukwambia neno.

Na ndani ya mlango huo anaishi samaki.

Najua sifa zangu. Shuleni nikisema mvua inanyesha, watu huenda kwanza dirishani. Lakini hili nimeliona kwa macho haya mawili, na lilinifanya nijulikane Likoni kwa wiki tatu, kisha likanipokonya kitu ambacho sijakipata tena.

Kwetu ni bara ya Kaloleni, mahali ambapo shule inaishia darasa la nne na maji mengi kuliko yote ni ya kisima. Baba alipochukuliwa vitani na kupelekwa Bama kupigana na Wajapani, mama aliniombea kwa kaka yake anayekaa Likoni, ili nisome mpaka darasa la saba. Mjomba alikubali. Kwa desturi yetu mjomba hawezi kumkataa mpwa, angalau si mbele ya watu. Anafanya kazi ya kupakua shehena Kilindini, huvuka na kivuko alfajiri na kurudi jioni akiwa hana maneno yaliyobaki. Mkewe, mkaza mjomba, naye ni wa kwetu bara. Wana watoto watatu wadogo na vyumba viwili. Mimi nililala ukumbini pamoja na baiskeli, na kati yetu wawili, baiskeli ndiyo iliyopewa upande wa ukutani.

Wanafunzi wa Likoni husema Kiswahili kama vile wao ndio waliokizaa. Siku yangu ya kwanza nilipoulizwa swali na kulijibu kwa lafudhi ya kwetu, darasa lilicheka, likageuka nyuma kumtafuta aliyekanyagwa. Ilinichukua kama mwezi kugundua kwamba mtu akicheka kwa kile ulichokusudia, hana nafasi ya kucheka kwa kile usichokusudia. Basi nikawa mchekeshaji. Niliigiza mwendo wa mwalimu mkuu, kikohozi cha kasisi, na mlango wa choo cha shule, ambao una sauti yake maalumu. Darasa zima lilinipenda mpaka kengele ya mwisho. Kengele ikilia, kila mmoja alikuwa na kwao, na wenzake wa tangu utotoni wa kwenda nao. Hakuna aliyenifukuza. Ni vile tu hakuna aliyegeuka kuangalia kama ninafuata.

Ndipo nikaanza kushuka ufuoni, upande wa Shelly. Sikuwa na mapenzi na bahari. Sisi wa bara tuliambiwa tangu wadogo kwamba maji yakipita goti, kilichomo humo kina haki nawe. Lakini siku za bamvua maji hupwa mbali sana, mwamba wote unabaki wazi, na kwenye mashimo ya mwamba hubaki vidimbwi. Kidimbwi cha kufika kifundo cha mguu nilikiweza.

Ilikuwa kaskazi, jua la kuchemsha ubongo. Nilikuta kidimbwi kidogo ambacho maji yake yalikuwa moto kama ya kuogea mzee. Ndani alilala jongoo mweusi, mnene kama mkono wangu, akifungua na kufumba huko nyuma haraka haraka, kama mtu aliyepanda mlima. Nilichuchumaa nimcheke. Mlango ukafunguka zaidi, kikatokea kichwa. Kichwa chenye macho. Kikanitazama, kikafikiri, kisha akatoka samaki mzima, mwembamba, urefu wa kiganja, hana magamba, mwili wake kama kioo mpaka unaona uti wa mgongo, mkia umechongoka kama sindano. Akaenda kujibanza kwenye kivuli cha jiwe, akitweta.

Nilikaa pale mpaka maji yalipoanza kurudi. Maji mapya ya baridi yalipoingia kidimbwini, jongoo alituliza pumzi zake. Yule samaki akamrudia, akamnusanusa, akapata mlango. Hakuingia kwa kichwa. Aligeuka, akachomeka ncha ya mkia, akangoja jongoo avute pumzi, akarudi kinyumenyume mpaka akapotea. Niliwahi kuona watu wakirudi nyumbani kinyumenyume, lakini wale walikuwa wametoka kunywa mnazi.

Siku hiyo nilitembea kurudi Likoni nikicheka peke yangu njia nzima, na karibu na nyumba nikaacha, kwa sababu niligundua sina wa kumwambia.

Kesho yake nilimbeba jongoo kwenye debe, nikamweka katika karai bovu la kufulia nyuma ya jiko, kivulini. Kila nilipotoka shule nilikwenda kumbadilishia maji ya bahari. Nikaanza kuwajua. Maji yakiwa mapya na ya baridi, mpangaji hatoki. Unaweza kukaa hata saa nzima usijue kama nyumba ina mtu. Ukiliacha karai juani, maji yakapata joto na kuchoka, mwenye nyumba anaanza kuhema, na muda si mrefu mpangaji anachungulia, halafu anahama. Mvua moja ya ghafla ilijaza karai maji ya mawinguni, na jongoo akatapika matumbo yake yote kwa nyuma na kufa. Mpangaji nilimkuta ameelea pembeni.

Nikatafuta wengine. Niliokota jongoo wa vidimbwi vya juu, ambavyo jua huvivamia mapema, na sikupata hata mmoja mwenye mtu ndani. Ngozi zao tu ndizo zilikuwa na vikonokono vidogo vyeupe vilivyong'ang'ania kama kupe. Karibu na pale kijito kinapoingilia baharini, jongoo walikuwa wachache na wapweke. Lakini wa vidimbwi vya chini, vyenye maji yanayopita, wengi walikuwa na mpangaji. Nilizoea kusema nao. Sikusema mambo ya maana: nani kachapwa, nani kaanguka kwenye matope. Jongoo ni msikilizaji mzuri. Hakatizi, na akichoka anatumia lugha ambayo haiudhi.

Shuleni nilimpeleka mmoja wao, mwenye mpangaji, kwenye debe lililofunikwa kwa jani la mgomba. Nikawaambia wenzangu kwamba mimi, mtu wa bara, nitamwita samaki atoke matakoni mwa jongoo bila kumgusa. Wana wa Likoni waliozaliwa wakiwakanyaga jongoo hao hawakuwahi kuliona jambo hilo, kwa kuwa hakuna mwenye akili timamu aliyewahi kukaa akimtazama jongoo nyuma kwa saa nzima. Nililiweka debe juani wakati wa hesabu. Wakati wa mapumziko nikafunua, nikasoma maneno ya uongo ya Kiarabu, na mpangaji akatoka kama aliyeitwa. Kelele zilifika mpaka ofisini.

Mwalimu wetu wa elimu ya viumbe, mtu wa Taita asiyecheka, alitusukuma akapita katikati. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Sikuchapwa. Aliniuliza nimemwitaje, nikamweleza habari ya joto na maji kuchoka, na mvua, na vidimbwi vya juu na vya chini. Akatikisa kichwa polepole.

"Sasa nitafutie hili," akasema. "Mpangaji anampa nini mwenye nyumba?"

Darasa likacheka, kila mmoja na jibu lake. Mimi nilibaki na swali. Niliangalia kwa wiki nzima. Mpangaji hakumletea jongoo chakula, hakumsafisha, hakumfukuzia vikonokono. Alitoka, akala, akarudi kulala. Sikuona alichokuwa akitoa, isipokuwa labda mazungumzo, na hilo nalo sina hakika nalo.

Huo ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Mvua zilikuwa zimekosa kwetu bara, vita vilikuwa vimekula meli, na dukani watu walipanga foleni tangu alfajiri kupata unga wa rangi ya kinyesi cha mtoto, wenye harufu ya gunia. Watu sita kwa kibaba cha watu watatu. Nilianza kula kidogo, nikisema nimekula kwa rafiki. Mkaza mjomba alijua sina rafiki, lakini hakusema.

Jioni moja nilikuwa ukumbini nikisoma, mjomba na mkewe wako chumbani, na ukuta wa udongo si ukuta kwa mtu mwenye masikio. Mjomba alikuwa akisema kwamba shule zikifungwa nirudi kwetu, vinywa vimezidi. Kurudi kwetu maana yake nilijua: darasa la nne nimeshalimaliza zamani, lingenisubiri jembe. Kisha nikamsikia mkaza mjomba.

"Mwache kidogo. Tangu nije Likoni hii, huyu ndiye anayenichekesha."

Na mimi, ambaye nilikuwa nimelitafuta jibu la mwalimu ufuoni kwa wiki nzima, nikalipata pale kwenye mkeka. Nilikuwa nalipa kodi bila kujua.

Tangu siku hiyo nilifanya kazi hiyo kwa bidii. Aliporudi foleni amechoka, nilimwigizia mwenye duka akipima unga huku kidole kikiwa kwenye mizani. Akifua, nilimwigizia kasisi. Alikuwa na kicheko cha kujizuia, akijifunika mdomo kwa upande wa leso, mabega yanatikisika. Huku Likoni hakuwa na ndugu wala shoga. Majirani, wenyeji wa hapo, walimwitikia salamu vizuri na kumrekebisha maneno. Nadhani mimi na yeye tulikuwa tumekwama kwenye kidimbwi kimoja, lakini hilo nililifikiri baadaye sana.

Siku moja aliniona nikipita na debe, akauliza nimebeba nini kila siku. Nikamwonyesha. Akamtazama jongoo kwa kuchukia, kisha akauliza, "Hivi huliwa?"

Ulikuwa mpira uliotua mguuni mwangu. "Mkaza mjomba, huliwa sana," nikamwambia. "Hiki ndicho kitoweo cha wakubwa wa Mombasa. Wanakificha tusijue. Unakitia tui zito, ndimu, pilipili mbili, kinakuwa kama nyama ya ndama."

Niliusimamisha uso wangu nikingoja acheke. Hakucheka. Alimtazama tena jongoo, safari hii kwa jicho lingine, kisha mtoto akalia ndani, akaenda. Nikajisemea nitamwambia baadaye. Kulipokucha nilikuwa nimeshasahau.

Jumamosi iliyofuata nilitumwa kisimani. Foleni ilikuwa ndefu, nilirudi jua limepanda. Nilipokaribia niliona karai langu liko tupu, limeegemezwa ukutani, limesafishwa. Jikoni palikuwa na harufu ya tui na ndimu. Watoto watatu walikuwa wamekaa mkekani kwa safu, sima ya njano iko katikati imeshaanza kupata ngozi, na hawakuwa wakiigusa. Walikuwa wakingoja kitoweo. Mkaza mjomba alikuwa amefunga leso mpya. Alinitazama kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake, akaniambia amenifanyia jambo la ghafla. Nazi aliipata kwa kubadilishana na kitambaa chake cha meza.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nataka kulieleza hili sawasawa, maana wengine watasema nilishtuka. Sikushtuka. Niliona kifuniko cha sufuria, nikaona moto bado ni mdogo, nikajua maji yanaanza tu kupata joto, na nikajua kitakachofuata. Ukiwa mchekeshaji, ukiona kichekesho kinakuja chenyewe, unasogea kukipisha. Nikaweka ndoo chini, nikaegemea mlango.

Alifunua akoroge. Jongoo alikuwa amejikunja kama ngumi, na nyuma yake, katikati ya tui jeupe, kikatokea kile kichwa. Samaki akatoka mzima, akapiga mkia mara mbili, akarusha tui kwenye mafiga, akatulia.

Mtoto wa kati, wa miaka minne, alikuwa amesimama kuchungulia. "Mama," akasema, "kitoweo kimekunya samaki."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilicheka nimeshika tumbo, machozi yananitoka, na ilichukua muda kujua kwamba sauti inayosikika ni yangu peke yangu. Na ya mtu mwingine. Jirani wa upande wa pili alikuwa amesimama nyuma yangu na kigae mkononi, amekuja kuomba moto. Alikuwa ameona yote.

"Jongoo?" akasema. "Watu wa bara, mnakula jongoo?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akicheka tu, kicheko kirefu chenye raha, akapiga paja, akaniuliza kama kweli, akachukua makaa yake akaenda. Tulimsikia akianza kumsimulia mtu kabla hajafika kwake. Kicheko kile nilikifahamu. Ndicho kilichogeuka nyuma kumtafuta aliyekanyagwa. Mwaka mzima nilikuwa nikikikimbia, na siku hiyo nilikuwa nimekishika mkono na kukiingiza jikoni kwa mkaza mjomba.

Hakunigombeza. Alishika sufuria kwa pindo la leso mpya, akaenda kumwaga nyuma ya banda la kuku. Kuku walisogea, wakanusa, wakaondoka. Alirudi akaanza kuwamegea watoto sima kavu, tonge moja moja. Nikasema mkaza mjomba, nisamehe, nilidhani umejua ni mzaha.

"Nazi ile ilikuwa ya leo na ya kesho," akasema.

Kabla jua halijazama mtaa wote ulikuwa umepata habari. Watoto walipita mlangoni wakiuliza kama kuna jongoo aliyebaki. Mjomba aliisikia kwenye kivuko, kabla hajafika nyumbani.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, alinikalisha ukumbini. Alisema ameshaamua kunirudisha kwetu, na mama atamwelewa. Hata hivyo aliyekosewa si yeye, kwa hiyo amemwachia mwenyewe aseme. Mkaza mjomba alikuwa anamfunga mtoto vifungo vya shati. Hakuinua uso. Mimi nilikuwa natazama vile vidole. Kila kitu changu, darasa la saba, karatasi ya mtihani, kazi isiyo ya jembe, kilikuwa kimekaa pale kwenye vifungo vya shati la mtoto.

"Akae amalize shule," akasema.

Nikaanza kushukuru.

"Sijamaliza. Akae. Ila humu ndani asinichekeshe tena. Si mimi, si watoto wangu."

Mjomba alinitazama kuona kama nimesikia. Nikasema naam, nimesikia. Tukaenda kanisani. Kasisi alikohoa kile kikohozi chake mara tano, na mara zote tano nilitazama miguu yangu.

Hiyo ni kaskazi iliyopita. Sasa ni kusi, maji ni ya baridi na machafu, mwamba haukai wazi kwa muda mrefu, nami nashuka huko mara chache. Mwalimu aliuliza kama nimepata jibu la swali lake. Nilimwambia bado. Alisema niandike nilichokiona, hata kama hakijakamilika, nami naandika, ingawa naona nimeandika mengi ambayo hakuyauliza. Shuleni bado ninaigiza mlango wa choo. Nyumbani naamkia, nachota maji, napasua kuni, nasema ahsante, naondoa sahani. Unga umekuwa mweupe tena. Mjomba anasema nimekuwa kijana mwenye adabu, na aliniandikia mama hivyo hivyo.

Juzi tulikuwa tunakula. Jogoo akaingia ukumbini amejitia kichwa katika soksi ya mjomba iliyokuwa imeanikwa, akatembea kinyumenyume kujitoa, akagonga baiskeli, akaendelea kutembea kwa heshima kubwa kama askari wa gwaride. Alizunguka chumba mara mbili. Watoto wote watatu waligeuka kunitazama. Nilikuwa nalo neno, lilikuwa limefika kwenye meno. Nikainua macho, nikakuta mkaza mjomba naye ananitazama, leso ameishika karibu na mdomo.

Sijui alikuwa akingoja niseme, au alikuwa akingoja kuona kama nitavunja sharti. Nilimtazama kwa muda, nikitafuta usoni mwake, na sikuweza kujua.

Nikaomba chumvi.